Filamu ya "Basquiat" (1996): maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hapa yamekusanywa maswali ambayo watazamaji huyarudia kila wanapomaliza kuiona filamu ya Julian Schnabel kuhusu mchoraji Jean-Michel Basquiat. Majibu hayafichi mwisho wa hadithi, maana mwisho wenyewe ni historia inayojulikana.

## Mambo ya msingi

Filamu hii inamhusu nani?

Inamhusu Jean-Michel Basquiat, mchoraji mweusi wa Marekani aliyezaliwa Brooklyn, New York, tarehe 22 Desemba 1960. Jina lake la ukoo hutamkwa "Baskia". Baba yake, Gérard, alihamia Marekani kutoka Haiti. Mama yake, Matilde, alizaliwa Brooklyn kwa wazazi wa Puerto Rico. Kijana huyo alikua akisikia Kiingereza, Kifaransa na Kihispania, na lugha hizo zote zimo kwenye michoro yake.

Alianza kwa kuandika maneno kwenye kuta za kusini mwa Manhattan. Mwaka 1982, akiwa na umri wa miaka 21, kazi zake zilioneshwa Kassel, Ujerumani, kwenye maonesho ya Documenta, ambako wachoraji wakubwa wa dunia hualikwa. Miaka sita baadaye, tarehe 12 Agosti 1988, alifariki nyumbani kwake katika mtaa wa Great Jones kwa kuzidisha heroini. Alikuwa na miaka 27. Filamu inachukua kipindi hicho kifupi, kuanzia kulala nje hadi umaarufu na upweke wake.

Nani aliitengeneza, na nani wanaigiza?

Iliandikwa na kuongozwa na Julian Schnabel, naye ni mchoraji wa New York aliyepata umaarufu miaka hiyohiyo. Ilikuwa filamu yake ya kwanza. Basquiat anaigizwa na Jeffrey Wright, ambaye wakati huo alifahamika zaidi jukwaani: mwaka 1994 alishinda tuzo ya Tony kwa uigizaji wa tamthilia.

Waliomzunguka ni wengi na wazito. David Bowie ni Andy Warhol, msanii mashuhuri wa Marekani, Dennis Hopper ni Bruno Bischofberger, mfanyabiashara wa sanaa kutoka Uswisi, na Parker Posey ni Mary Boone, mwenye galari (ukumbi wa kuonesha na kuuza sanaa). Michael Wincott ni mshairi Rene Ricard. Gary Oldman, Benicio del Toro na Claire Forlani wanaigiza watu ambao hawakuwepo kwa majina hayo (tazama sehemu inayofuata). Del Toro alishinda tuzo ya Independent Spirit kwa kazi hii. Willem Dafoe naye anapita kwa muda mfupi kama fundi umeme, na mazungumzo yake machache yanafaa kusikilizwa kwa makini.

Je, ni dokumentari?

Hapana. Ni filamu ya kuigiza iliyojengwa juu ya maisha ya mtu halisi. Matukio mengi makubwa yalitokea kweli, lakini mazungumzo yametungwa, miaka imebanwa, na baadhi ya wahusika ni watu wawili au watatu waliounganishwa kuwa mmoja. Ukitaka kumwona na kumsikia Basquiat mwenyewe, tazama swali kuhusu filamu nyingine mwishoni.

Inafaa kutazamwa na watoto?

Haifai. Kuna matumizi ya dawa za kulevya yanayooneshwa waziwazi, lugha kali na mambo ya mapenzi. Huchukua takriban saa moja na dakika 48.

## Kipi ni kweli na kipi kimetungwa

Kwenye filamu anatoka ndani ya boksi bustanini. Kweli alilala nje?

Alilala nje, ndiyo. Alitoroka nyumbani akiwa kijana, akalala bustanini, na baadaye akaishi kwa kuhamahama kwenye sakafu na makochi ya marafiki.

Ila ukiishia kwenye boksi hilo utadhani alitoka kwenye ufukara, na hapo filamu inapotosha. Baba yake alikuwa mhasibu mwenye nyumba nzuri Brooklyn. Mama yake alimpeleka kwenye makumbusho tangu akiwa mdogo. Basquiat alisoma sana, alijua historia ya sanaa, alijua jazi, alijua habari za wafalme, watumwa na mabondia. Hadithi ya mtoto wa mtaani aliyezuka tu na kipaji iliwafaa wauzaji, kwa kuwa iliongeza mvuto wa bidhaa. Inasikitisha kwamba filamu ya Schnabel, rafiki yake, haikuivunja hadithi hiyo kwa nguvu zaidi. Baba haonekani sana, na ile nyumba yenye vitabu haipo kabisa.

Mama yake aliugua kama inavyooneshwa?

Ndiyo. Matilde aliugua ugonjwa wa akili na alilazwa mara kadhaa, kuanzia Jean-Michel akiwa bado mtoto. Tukio la mwanzo, ambapo mama analia mbele ya mchoro wa Picasso wa Guernica huku mwanawe akimtazama, limepambwa kisinema, lakini mchoro huo kweli ulikuwa New York hadi mwaka 1981.

Kuna jambo moja ambalo filamu imeliacha, nami naona ni hasara kubwa. Mwaka 1968, Jean-Michel akiwa na miaka saba, aligongwa na gari akicheza mpira barabarani. Alivunjika mkono, akatolewa bandama. Akiwa hospitalini mama alimletea kitabu mashuhuri cha anatomia cha Gray. Mtazame mtoto yule kitandani akipekua kurasa za mifupa, misuli na mafuvu, kisha uitazame michoro yake ya miaka kumi na tano baadaye: mafuvu, meno, mbavu, majina ya viungo yaliyoandikwa kwa herufi kubwa. Hata bendi aliyoianzisha na wenzake aliipa jina la Gray.

Albert Milo ni nani?

Ni Julian Schnabel mwenyewe, kwa jina la kubuni. Michoro mikubwa inayoonekana kwenye studio ya Milo ni ya Schnabel.

Jambo hili huwagawa watazamaji kuliko jingine lolote. Milo anaoneshwa kama mchoraji mwenye familia, mwenye hekima, mkarimu, anayempikia na kumsikiliza kijana aliyechanganyikiwa. Si dhambi mtu kujiweka kwenye kumbukumbu za rafiki yake. Lakini unapokuwa ndiye mwandishi, mwongozaji na mhusika kwa pamoja, na yule rafiki amekwisha kufa, mtazamaji ana haki ya kupima kila tukio la Milo kwa tahadhari. Ushauri wangu ni huu: itazame filamu hii kama ushuhuda wa mchoraji mmoja kuhusu mwingine. Ushuhuda una thamani yake, hata pale shahidi anapojipendelea.

Na Gina? Na Benny?

Gina Cardinale amejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya Suzanne Mallouk, aliyeishi na Basquiat mwanzoni mwa miaka ya 80 na kumlisha kwa mshahara wa mgahawani. Benny Dalmau ni mkusanyiko wa marafiki kadhaa.

Kwa kuunganisha marafiki hivyo, filamu imepoteza watu muhimu. Al Diaz, rafiki wa shule aliyeibuni pamoja naye SAMO, jina walilolitia kwenye maandishi yao ya ukutani, hana nafasi. Hakuna Keith Haring, mchoraji rafiki yake. Vijana wa grafiti (maandishi na michoro ya ukutani) na hip-hop, kama Fab 5 Freddy na Rammellzee, ambao Basquiat alizunguka nao na kutengeneza nao muziki, hawamo. Matokeo yake kijana mweusi anaonekana akiishi peke yake katikati ya Wazungu. Upweke wake ulikuwa wa kweli, lakini haukuwa hivyo.

SAMO ilikuwa nini hasa?

Lilikuwa jina ambalo Basquiat na Diaz walilitia chini ya sentensi walizoziandika ukutani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 70. Hazikuwa grafiti za kujitangaza jina kwa rangi nyingi. Zilikuwa tungo fupi za kejeli dhidi ya dini ya kuigiza, siasa na wapenda sanaa wa mjini, na waliziandika karibu na galari makusudi, pale ambapo wenye fedha wangezisoma. Walipotengana, maneno ya kutangaza kifo cha SAMO yalianza kuonekana ukutani.

Alikutana na Warhol mgahawani kwa kumuuzia kadi?

Ndiyo. Basquiat aliingia kwenye mgahawa wa Soho alimokuwa Warhol pamoja na Henry Geldzahler, mtaalamu wa sanaa, akamuuzia Warhol kadi aliyoitengeneza mwenyewe. Urafiki wao wa kweli ulikuja baadaye, baada ya Bischofberger kuwakutanisha rasmi mwaka 1982.

Yule mhoji anayeigizwa na Christopher Walken, yupo kweli?

Mahojiano hayo yamechukua mengi kutoka mazungumzo yaliyorekodiwa kwa video mwanzoni mwa miaka ya 80. Kwenye filamu mhoji anamuuliza kama anajiona mchoraji au mchoraji mweusi. Basquiat anamjibu kwamba yeye hutumia rangi nyingi, si nyeusi peke yake.

Kwangu hili ndilo tukio bora la filamu nzima. Wright hainui sauti. Anakaa, anatabasamu kidogo, anakwepa, na unaona anavyochoka swali kwa swali. Katika mahojiano ya kweli aliulizwa kuhusu zile habari kwamba alikuwa amefungiwa chini ya galari ya Annina Nosei ili achore. Alisema kuwa angekuwa mweupe, watu wangesema tu kwamba ni msanii aliyepewa nafasi ya kufanyia kazi pale.

## Michoro

Michoro inayoonekana ni ya Basquiat kweli?

Hapana, hata mmoja. Warithi wake, wakiongozwa na baba yake, walikataa kazi zake zitumike. Schnabel na msaidizi wake wakachora turubai (vitambaa vya kuchorea) mpya zinazofanana na za Basquiat.

Mtazamaji wa kawaida haoni tofauti, na ndiyo maana swali hili linapaswa kujibiwa mapema. Basquiat alikuwa na mkono wa pekee. Mstari wake unaonekana wa haraka na wa kitoto, kumbe umepimwa: neno liko pale lilipo kwa sababu, na eneo lililoachwa tupu limeachwa kwa makusudi. Michoro ya filamu ina mataji, mafuvu na maneno, lakini maneno yake hayana uzito uleule. Ukiipenda filamu, usiishie hapo. Tafuta picha za kazi zenyewe, kama ule mchoro wa 1983 wa wapiga ala za kupuliza uliopo kwenye makumbusho ya The Broad huko Los Angeles, ambamo wanamuziki wa jazi Charlie Parker na Dizzy Gillespie wametenganishwa na maneno yaliyofutwa nusu.

Kwa nini anaandika neno kisha analikata?

Alieleza mwenyewe kwamba hulikata ili ulione zaidi. Jicho hutaka kusoma kilichozuiwa.

Na lile taji lenye ncha tatu?

Aliwavika watu aliotaka waheshimiwe: mabondia kama Sugar Ray Robinson, wanamuziki wa jazi, na mara nyingine yeye mwenyewe. Filamu imelichukua taji hilo na kulifanya hadithi ya mwana wa mfalme aliyefungiwa mnarani, asiye na sauti, anayegonga kichwa kwenye nondo hadi taji lake linatoa mlio mzuri unaosikika mbali. Ni hadithi nzuri. Ila kwenye michoro yenyewe taji halilii. Linatangaza kwamba mtu mweusi huyu ni mfalme na ana jina.

Kazi zake zinauzwa kiasi gani?

Tarehe 18 Mei 2017 mchoro wake wa fuvu wa mwaka 1982, usio na jina, uliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 110.5 kwa Yusaku Maezawa wa Japani. Mwaka 1984 mchoro huohuo ulikuwa umeuzwa kwa dola 19,000. Filamu ilitengenezwa kabla ya bei hizo, lakini tayari inaonesha wanunuzi wanavyoingia studio na kuagiza mchoro ulingane na rangi za samani zao.

## Warhol, unga na kifo

Ni kweli Bowie alivaa vitu vya Warhol mwenyewe?

Ndiyo. Wigi na miwani viliazimwa kutoka makumbusho ya Warhol mjini Pittsburgh. Bowie alimfahamu Warhol akiwa hai, na anamfanya mtu mwenye haya na huruma badala ya kikaragosi.

Je, Warhol alimtumia Basquiat?

Kila mmoja alipata kitu. Warhol, aliyekuwa ameacha brashi kwa miaka mingi, alirudi kuchora kwa mkono. Basquiat alipata rafiki mkubwa na pia mwenye nyumba, maana tangu 1983 alipanga jengo la Warhol la mtaa wa Great Jones. Walichora pamoja zaidi ya turubai 100. Walipozionesha Septemba 1985, picha yao ya tangazo ikiwaonesha wamevaa glavu za ngumi, mhakiki wa New York Times aliandika kuhusu Basquiat kwa maneno ya kumfanya mapambo ya Warhol. Neno hilo lilimchoma, na urafiki ukapoa. Hapa filamu inasema kweli, na inasema kwa uchungu unaostahili.

Warhol alifariki tarehe 22 Februari 1987 baada ya upasuaji wa kibofu cha nyongo. Basquiat hakupona jeraha hilo.

Je, unga ndio uliompa kipaji?

Sivyo, na swali hili linarudi kiasi kwamba inafaa lijibiwe kwa marefu.

Angalia miaka. Kazi zake zenye nguvu kuliko zote ni za 1981 hadi 1983, alipokuwa akichora mfululizo, na televisheni imewashwa, vitabu vimefunguliwa sakafuni, muziki wa Charlie Parker ukipigwa. Heroini ilizidi kumshika kadiri miaka ilivyosonga, na ilipomshika ilimwibia muda, marafiki, afya na ngozi ya uso. Maonesho yake ya mwisho, mwaka 1988, yalikuwa na mambo mazito, lakini ni kazi za mtu aliyekuwa akipigania pumzi. Mwezi Juni mwaka huohuo alikwenda Hawaii kujaribu kuacha. Aliporudi New York alisema ameacha. Agosti akafa.

Filamu nyingi za wasanii huuza dhana kwamba mateso ndiyo mafuta ya sanaa, na hii haijasalimika kabisa. Inatumia muda mrefu kumwonesha amelala na macho mazito, na muda mfupi kumwonesha akisoma, akifikiri na akirekebisha. Mwenye ndugu aliyepotelea kwenye unga anajua hakuna uzuri wowote pale. Kilichomfanya Basquiat kuwa mkubwa ni kazi aliyoifanya akiwa na akili zake timamu, na tungekuwa na michoro yake ya miaka 30, 40 na 60 kama angeishi.

Filamu inaishaje?

Haioneshi kifo. Basquiat anapita mjini juu ya gari la wazi pamoja na Benny, kisha maandishi yanatoa taarifa ya kifo chake. Wale watelezaji wa mawimbi wanaoonekana angani juu ya majengo ni ndoto ya kuondoka New York.

Alikuwa na uhusiano wowote na Afrika?

Ndiyo, na filamu haikuutilia maanani. Alimsoma Robert Farris Thompson, mwanazuoni aliyeandika kuhusu sanaa za Kongo na Wayoruba na watoto wao wa Amerika. Thompson naye aliandika kuhusu Basquiat akiwa hai. Oktoba 1986 kazi zake zilioneshwa Abidjan, Côte d'Ivoire, naye akasafiri kwenda huko. Mapema 1988, mjini Paris, alikutana na Ouattara Watts, mchoraji wa Côte d'Ivoire, wakawa marafiki wa haraka. Walipanga safari ya kwenda kwao Ouattara mwezi Agosti, na kifo kikatangulia.

## Maswali ya wanaotaka kuchimba zaidi

Jeffrey Wright mwenyewe aliionaje filamu?

Baadaye alieleza wazi kwamba hakuridhika. Alisema uhariri ulimfanya Basquiat mpole mno, mtu wa kutendewa, asiye na ule ukali aliokuwa nao, na kwamba mwongozaji alijikuza kupitia kumbukumbu ya marehemu. Uigizaji wake unathibitisha alichosema: kila anapopewa nafasi, macho yake yana makali ambayo hadithi haijui iyapeleke wapi.

Ubaguzi wa rangi unaguswa vya kutosha?

Unaguswa kwa matukio madogo: yale mahojiano yaliyotajwa juu, na lile la mgahawani anapolipa bili ya wanaume weupe wanaomcheka. Lakini mwaka 1983 Michael Stewart, kijana mweusi, alikamatwa New York kwa madai ya kuandika kwenye kituo cha treni, akafa kutokana na yaliyompata mikononi mwa polisi. Basquiat alitikisika, akasema ingeweza kuwa yeye, akachora tukio hilo ukutani kwenye studio ya Keith Haring. Filamu inalipita mbali, na bila hilo hofu ya Basquiat inaonekana kama wasiwasi wa dawa tu.

Nitazame filamu gani nyingine?

Anza na *Downtown 81*. Basquiat anaigiza akiwa na miaka 19 na 20, akizunguka New York na turubai begani. Ilipigwa 1980 na 1981 lakini ikatoka mwaka 2000. Sauti za mazungumzo zilipotea, hivyo sauti unayoisikia kwake ni ya mshairi Saul Williams.

Kisha tazama *Jean-Michel Basquiat: The Radiant Child* ya Tamra Davis (2010), dokumentari yenye mahojiano aliyomrekodi akiwa rafiki yake. Ukiwa na nafasi ya filamu moja tu, chagua hii ya Davis. Ukiwa na nafasi ya mbili, itangulize, ndipo uione ya Schnabel. Utajua wapi Wright amempatia hasa na wapi alikatwa.

Nimeona toleo la rangi nyeusi na nyeupe. Ni filamu nyingine?

Ni ileile. Schnabel aliitoa upya bila rangi miaka mingi baadaye. Kwa mtazamaji wa mara ya kwanza chagua ya rangi: hata kama michoro si ya Basquiat, njano na buluu zake ndizo zinazokupa fununu ya namna alivyokuwa akiona.